Jiwe la Kisu cha Mzee wa Sidab

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkubwa kuliko huu sijapata kuufanya, na nimeufanya mwingi: nilikitia jiwe kisu cha maiti. Cheka kwanza, umalize. Haya yamenitokea mimi, mchana kweupe, nimeshiba wali wa Ijumaa, sina homa wala sikuwa usingizini.

Mjomba Seif, kaka yake mama, ana karakana nyuma ya nyumba yake huku Al Amerat. Anatengeneza visu vya kukunja, lakini si vya kumenyea vitunguu. Kwenye mpini anatia mtambo mdogo kama wa zile bunduki za kale za gumegume. Kuna kinyundo kilichong'ata jiwe, kuna kifyatuo. Ukifyatua, jiwe linapiga chuma, cheche zinaruka, na kisu kinachomoka chenyewe. Baruti hamna, risasi hamna. Mbwembwe tupu, na watu wazima na ndevu zao wanazipenda kama watoto.

Ila ana sharti lake. Jiwe halitii mpaka mwenye kisu aje, akishike mkononi, ndipo Mjomba alibane kwa kipande cha ngozi, wakijaribu pamoja. Na likikaa upande, aliyelitia ndiye atakayelitengeneza. Fundi mwengine haligusi.

Kwenye droo ya chini palikuwa na kisu kimoja hakina jiwe. Mzee mmoja wa Sidab, kule pwani kwa wavuvi, alikiagiza, akafa wiki ileile aliyokuwa aje kukichukua. Wanawe hawakukitaka, na Mjomba hakukiuza.

"Kina mwenyewe hicho," husema, basi.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula, nyumba nzima imelala. Mimi nataka video ya kuwachekesha wenzangu wa skuli. Nikakitoa kisu, nikalibana jiwe nijuavyo mimi, nikaifanya sauti nzito kama ya Mjomba: "Mzee wa Sidab, njoo uchukue amana yako!" Nikafyatua. Ta! Cheche hamna. Kisu nacho hakikutoka.

Mlango wa bati ukagongwa.

Nikajua Mjomba kaamka. Nikafungua, uongo nishautunga. Kumbe kasimama mzee, kanzu imeroa chapachapa, maji yanamtiririka mpaka nyayoni. Niamini. Huku ni nyuma ya milima, jua la kukaanga yai juu ya boneti, gari nje hakuna, na yeye anachuruzika kama katoka baharini sasa hivi.

"Nani kaniita?"

Wewe ungesema nini? Mdomo wangu umezoea kujitetea kabla sijashitakiwa. Nikasema, "Mjomba Seif."

"Na jiwe katia nani?"

"Yeye, babu. Mjomba Seif."

Akanyoosha mkono, nikampa kisu. Vidole vyake baridi kama samaki wa kwenye barafu. Akafyatua mara tatu. Ta. Ta. Ta. Hata cheche moja hamna.

"Limekaa upande," akasema, wala hakukasirika. "Seif sikumjua kwa kazi hii. Basi nitamjia mpaka alitengeneze."

Akanirudishia. Nilikitazama kisu kidogo tu, kuinua macho, hayupo. Nyayo za maji zimekuja mpaka kizingitini. Za kurudi sikuziona.

Nikalichomoa jiwe, nikakirudisha kisu drooni, nikanyamaza. Huo ndio ujinga wa pili.

Tangu hapo kila Ijumaa, saa ileile, Mjomba anagongewa. Akifungua hamna mtu, kizingiti tu kimeroa. Wiki ya saba hii. Usingizi umemhama, mikono inamtetemeka, na fundi wa visu akishatetemeka mikono kabaki na nini? Ijumaa iliyopita kajikata kidole, akautupa mpini ukutani, akasema karakana anaifunga. Mimi nami situlii. Darasani nabofya kalamu, ta, ta, ta, mpaka mwalimu ananitoa nje. Nje nako naisikia.

Na wewe unayesoma, kama lazima uchezee kitu cha mtu, basi ukiulizwa nani, taja jina lako. La mwenzio liache.

Leo Alkhamisi. Nimetoka skuli nikamwambia mama yote. Alikuwa anapiga pasi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akaizima pasi, akaniuliza mara mbili kama kweli nilitaja jina la kaka yake. Kisha akasema, neno kwa neno:

"Nenda sasa hivi kwa mjomba wako, umwambie, na akufundishe kubana jiwe. Kesho ukishakula ukae mlangoni. Mzee wa watu akigonga, fungua wewe, mwambie ni wewe, umtengenezee kisu chake. Na uvae kanzu hii niliyoipiga pasi, usende ukanitia aibu mbele ya maiti."