Enisia na Habari za Jana

Dawati letu tulikaa watatu: mimi, Enisia binti wa mama yangu mkubwa, na Tulalumba, jirani yetu wa kule kwenye mianzi. Mwalimu alikuwa Festo, kijana mgeni kutoka pande za ziwani, Ludewa. Majina ya darasa zima bado ninayo, ila hao wanatosha.

Wamenijia akilini juzi hapa Makambako. Mjukuu wangu alikuwa anasoma Kiingereza kwa sauti, sentensi za mambo yaliyopita, nami namenya viazi.

Unaijua baridi ya Njombe ya mwezi wa sita? Ukungu uliingia mpaka darasani. Tulinuka moshi wa jikoni, na mifukoni tuna viazi vya moto vya kupashia vidole. Kila asubuhi Mwalimu alimsimamisha mtoto aeleze kwa Kiingereza alichofanya jana. Darasa zima tulikuwa na jana moja tu: nilichota maji, nilikula ugali, nililala. Hata Tulalumba, mvivu yule, kwa Kiingereza alichota maji kila siku.

Enisia akaleta ya kwake. Jana mgeni alikuja, akaleta jembe.

"Brot!" Mwalimu akamkatiza. "Alileta ni brot. Rudia."

Akarudia, darasa likacheka. Mimi nikamgeukia. Kwetu jembe jipya lisilo na mpini, likiachwa nyuma ya mlango, ni la posa. Baba akikataa, hulirudisha. Akikubali, hulitia mpini.

Njiani nikamwuliza, "We Enisia, mambo ya nyumbani unayasemea nini darasani?"

"Nikayasemee wapi? Baba anamheshimu Mwalimu. Akimwambia niachwe nimalize shule, atasikia."

"Si umfuate umwambie?"

"Nimfuate mwanamume kwake? Unataka baba aniue?"

Asubuhi nyingine akasimama tena: jembe bado liko ndani. Mwalimu akasahihisha. Nyingine tena: jana baba alikata mti, akachonga mpini.

Mwalimu akafurahi. "Vizuri sana, Enisia! Leo hujakosea hata kidogo. Mpigieni makofi."

Tukapiga. Enisia alibaki wima anamtazama, mpaka akaambiwa aketi.

Jumatatu dawati lilikuwa pana. Mwalimu akaita jina lake. Tulalumba akanyoosha kidole. "Ameolewa, Mwalimu. Wamempeleka Ipelele."

"Kwa Kiingereza," akasema Mwalimu.

Hakuna aliyelijua neno hilo.

Sasa shule ile imebomolewa, na penye mianzi wamepanda parachichi. Moshi ule siunusi tena popote. Enisia sikumwona tena.

Juzi, basi, mjukuu akasoma: jana mgeni alikuja nyumbani. Nikaweka kisu chini.

"Mgeni gani?"

"Aa, bibi! Si zoezi tu la mwalimu?"

"Najua. Mgeni gani?"

Akacheka. Mimi nikainuka, magoti yanalia, nikatazama nyuma ya mlango. Palikuwa na ufagio tu.

Wewe uliyekaa darasa lile, kama nimekosea jina au nimechanganya asubuhi, nisahihishe, uzee huu. Ila nisikilize kwanza ninachosema.