Wewe Mtoto wa Nani?

Enzi zetu mtoto hakupotea. Alichelewa tu kurudishwa. Nilikuwa darasa la tano asubuhi ile nilipolipita geti la shule, daftari kwapani, nikaendelea kutembea nione barabara ya Babati inaishia wapi. Sikuwa na mpango wala viatu. Kila mtu mzima aliniuliza lile lile: "Wewe mtoto wa nani?" Nikijibu, napewa kiazi, kofi la kisogoni, au vyote viwili.

Darasani sikurudi. Nilizunguka miji na nchi, nikisoma hata karatasi za kufungia karanga, mpaka nikatua Toronto, huku mtaa wa Malvern, ambako vijana wetu hawafiki dukani bila simu kuwaonyesha njia.

Sasa mwalimu ni mimi. Binti yangu Neema, miaka tisa, ana usonji na husema neno moja moja. Tumemtoa shule tumfundishe nyumbani. Mama yake, muuguzi, aliniambia kabla ya kwenda kazini, "Baba Neema, andika mpango wa masomo. Wake yeye, siyo wako." Nikaandika ninachokijua: kengele, mstarini, imla, jedwali la kuzidisha. Asubuhi ya kwanza nikagonga sufuria kama tulivyogongewa rimu la lori, kengele ya shule yetu. Neema akaziba masikio. Nilipogeuka kuchukua chaki, mlango ulikuwa wazi.

Nilimkuta kituo cha basi, bila koti, theluji ikimwangukia nyweleni, anatazama magurudumu. Watu walisimama kando yake kwa adabu zao zote, macho kwenye simu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Na angeulizwa, angejibu nini?

"Umemkimbiza wewe," mama yake alisema aliporudi nyumbani. "Na anatembea kama wewe."

Mpango ule niliuchana. Mpya una lengo moja: Neema aweze kusema yeye ni nani na anakaa wapi. Tunajifunzia kituoni, penye magurudumu. Mwezi wa pili sasa, anasema "Neema", kisha anarudia kutazama magurudumu. Nimeongeza komeo juu ya mlango, na bado kila ukilia, nakimbilia kuutazama.

Mimi, jioni ya siku ile niliyolipita geti la shule, nilifika Babati nimechoka hata jina silitoi. Muuza maandazi nisiyemjua alinitandikia mkeka jikoni kwake, akanifunika kanga.

"Lala," alisema. "Mtoto wa nani, tutajua kesho."