Harufu ya Dagaa kwenye Vitambaa vya Mtoto

Mimi kwa harufu hunidanganyi. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji, dagaa namjua akiwa mbichi, akiwa mkavu na akiwa ameharibika. Kwa hiyo jioni ile niliporudi kazini nikamkuta mwanangu ananukia dagaa makalioni, niliganda palepale na nepi mkononi. Makalioni, jamani! Mtoto ambaye hata uji hajaanza.

Nikafungua kopo la vitambaa vya kumfutia. Harufu ilikuwa humo.

Vitambaa hivyo nilivitengeneza mwenyewe. Vile vya pakiti vya dukani vilimtoa vipele, akawa analia kila akifutwa, nikasema basi, potelea mbali. Nikakata fulana kuukuu za mume wangu vipande vya ukubwa wa kiganja. Nikachemsha maji, yalipopoa nikatia mafuta ya nazi na sabuni ya mtoto kidogo sana, nikavilowesha, nikavikamua, nikavipanga kwenye kopo lenye mfuniko unaobana kwelikweli. Nilijiona fundi.

Sasa nani wa kuvigusa? Mume wangu alikuwa safarini na meli. Aliyeshinda na mtoto ni mama mkwe wangu, aliyekuja kwa boti kutoka kijijini kwake Mwamgongo ili mimi nirudi kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tajiri wangu alishasema nisiporudi, kuna mwingine anaitaka nafasi hiyo. Ama nimwamini huyu mama, ama kazi iende.

Na mimi kumwamini mtu ni shughuli. Mama mwenyewe ni mpole, na upole ule ndio ulionitia wasiwasi. Nikirudi, "Karibu mwanangu, pole na kazi." Nikimuuliza mtoto kashindaje, "Hajambo." Nikiuliza habari za vitambaa, "Vipo." Vipo! Mtu wa kujibu neno moja moja ana lake jambo. Nikaanza kuwaza mizizi, nikawaza dawa za kwao, nikamnusa mtoto kuanzia utosini mpaka nyayoni.

Nikamtega. Asubuhi nilivipanga vitambaa mikunjo ikitazama chini, na juu kabisa nikaweka kile chenye mshono wa shingo. Jioni nakuta mikunjo inatazama juu, chenye mshono kiko katikati. Ahaa! Nimekushika, mama.

Kesho yake mchana nikaaga dukani kwamba tumbo linaniuma. Nikazungukia nyuma ya nyumba, viatu mkononi.

Vitambaa vyangu vyote vilikuwa juani, juu ya kichanja cha wavu anachoanikia dagaa wake. Vimenyooshwa kimoja kimoja. Sufuria ya maji ilikuwa bado jikoni inafuka mvuke. Yeye kakaa kwenye kigoda, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga, fimbo mkononi anafukuza paka.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana hata ungekuwa na hasira namna gani, mama mkwe humnyimi shikamoo.

Alishtuka mpaka fimbo ikamdondoka. "Marahaba. Mbona mapema?"

"Mama, unafanya nini na vitu vya mtoto?"

Akaikaza kanga ya mtoto. Kisha akaniambia, akikitazama kichanja, kwamba kwao kitu kibichi hakifunikwi. Dagaa akifunikwa na maji yake, kesho ni wa kutupa. Siku moja alifungua kopo langu akakutana na uvundo. Tangu hapo, kila nikitoka anavichemsha vitambaa na kuvianika. Kabla sijarudi anavilowesha tena kwa maji safi na kujaribu kuvipanga kama alivyovikuta.

"Na vipele si vimekwisha?" akauliza.

Vilikuwa vimekwisha kweli. Nami dukani nilishamtangazia kila mtu kwamba ni yale mafuta yangu ya nazi.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Niliogopa." Sauti ilimtoka ndogo. "Nikasema nikimkosoa mwenye mtoto, atanipandisha boti anirudishe Mwamgongo. Na huyu nimeshamzoea mgongoni."

Neno la kumpandisha boti ndilo nililokuwa nalo mdomoni njia nzima kutoka dukani, nimelipanga vizuri, na jina la boti nilishalichagua. Niliona aibu, na hasira bado ilikuwepo, vyote pamoja. Nikaketi chini nikaanza kuvigeuza vitambaa upande wa pili, naye akaokota fimbo yake.

Asubuhi iliyofuata nilimfungia mama kamba safi ya kuanikia vitambaa upande ule mwingine wa uwanja, mbali na dagaa, maana harufu ile sikubali ng'o. Kopo nikamwachia wazi mezani. Mfuniko nikautia kwenye pochi yangu, nikaenda nao kazini.