Aliyepoteza Silaha

Asubuhi ile nilitakiwa kukataa kusaini, na sikukataa.

Orodha ilikuwa ya majina kumi na moja. Niliiandika mwenyewe, kwa sababu katika kikundi chetu cha wapiganaji wa zamani mimi ndiye katibu, na ukatibu nilipewa kwa kuwa nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Mwenye mabasi yanayokwenda Msata alikuwa amekubali kututoza nusu nauli. Zahanati moja ya binafsi pale Bagamoyo ilikubali kutupunguzia gharama na kututengea benchi letu mbele ya foleni. Walichotaka kwetu ni orodha ya waliopigana kweli, imesainiwa na mwenyekiti na katibu, ili watengeneze kadi.

Jina la kumi na mbili lingekuwa la Kibwana wa Makurunge.

Kibwana hakuwa askari wa kuajiriwa. Alikuwa mgambo, mkulima wa mpunga aliyechukuliwa wakati wa vita vya Uganda, akapigana, akarudishwa shambani. Alikuja na barua yake ya kuachishwa, imekunjwa miaka mingi mpaka imekatika vipande vinne, naye kaviunganisha kwa gundi. Mwenyekiti wetu, sajenti mstaafu Kasanda, alinipa niisome kwa sauti. Nikasoma jina, nikasoma kikosi, nikafika mstari wa chini: “Alipoteza silaha mbele ya adui.”

Watu waliguna.

“Sasa huyu naye tumwite shujaa?” Kasanda akasema. Kisha akanigeukia. “Koplo, wewe ulikuwa naye kule. Ni kweli au si kweli?”

Kibwana alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia yake mapajani. Alinitazama.

“Barua ndiyo hiyo,” nikajibu, nikachukua kalamu.

Ili nieleweke, sina budi kurudi nyuma.

Siku tuliyosikia kwamba nchi imevamiwa, mimi nilikuwa ghalani kambini, mwaka wangu wa pili jeshini, nagawa sabuni. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nakumbuka tulikuwa tunagombana na mpishi kuhusu chai, tunamwambia sukari anaila yeye, naye anatufukuza na mwiko. Kibwana siku hiyo alikuwa shambani kwake anaamia ndege. Aliniambia baadaye kwamba alipoitwa alishuka kwenye dungu, kichanja cha kulindia mpunga, na kombeo mkononi, akidhani anaitwa kwenda kuzibua mfereji.

Tulikutana ng'ambo ya mto Kagera, vikosi vilipochanganywa. Mgambo ndio waliobeba makasha ya mabomu ya mota. Wengi waliyabeba begani na bega likachubuka. Kibwana alisokota ngata ya majani makavu ya mgomba, akajitwika kasha kichwani, akatembea mikono mitupu, bunduki mgongoni. Askari wakacheka.

“Dada, kisima kiko wapi?” mmoja akamwuliza.

“Kiko huko mbele, mume wangu. Tangulia ukachote.”

Nikaitambua lafudhi. Nikamwuliza kwao wapi.

“Makurunge.”

“Mimi wa Bagamoyo mjini.”

“Basi wali uliokulia ni wangu,” akasema. “Hujanishukuru bado.”

Kuanzia siku hiyo tulikula pamoja. Kufika jioni ya pili askari nao walikuwa wanasaidia kubeba, wamesokota ngata, wala hakuna aliyemwita mwenzake dada.

Baada ya Masaka tulifika mahali ambapo barabara inakatiza kinamasi. Ni tuta refu, na kila upande mafunjo marefu kupita mtu. Yule mpishi wetu wa kambini alikuwa ametugawia chai, na siku hiyo, sijui kwa nini, ilikuwa na sukari ya kutosha. Tulikuwa tunaenda kwa miguu nyuma ya malori. Kibwana alikuwa mbele yangu kidogo, anaisifia ile ardhi, anasema watu wa huku wana maji namna hii na hawalimi mpunga.

Makombora yalianza.

Hayakuja moja moja. Yalikuja kwa mkupuo, na kabla moshi wa mkupuo mmoja haujapanda, mwingine umefika.

Lori la mbele liliwaka.

Mtu alipiga kelele turudi nyuma. Mwingine akasema tulale. Wengi tukakimbilia kinamasini.

Tope lilinifika magotini. Kisha mapajani. Kisha kiunoni.

Bunduki ilikuwa nzito. Niliitupa.

Nimesema mara nyingi kwamba sikumbuki vizuri. Nakumbuka. Haikuniponyoka. Niliitupa kwa mikono miwili, mbali, kama mtu anayetupa nyoka, nikaiona inazama.

Nikaanza kulia, nikiita mama.

“Usisimame!” Sauti ilitoka kushoto. “Lala! We mtu wa mjini, lala!”

Alikuwa Kibwana. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mafunjo aliyoyakunja, bunduki yake mgongoni, anatambaa kuja kwangu. Aliniambia nivue viatu hukohuko ndani ya tope, kwa sababu viatu ndivyo vilivyonishika. Aliniambia niache kurusha miguu. Alikuwa ametembea kwenye matope ya mpunga tangu utotoni, na alijua jambo ambalo jeshi halikunifundisha: anayesimama ndiye anayezama. Alinivuta kwa kwapa, shina kwa shina, pale mizizi ilipokuwa imeshikana, mpaka mahali palipotubeba wote wawili. Tukalala hapo. Maji yalikuwa ya moto na yalinuka mafuta ya lori.

Mara moja tu alinigusa akanionyesha kofia ya mpishi, inaelea.

Vishindo vilipokoma tulitambaa mpaka kwenye tuta. Nyuma, afisa alikuwa anawakusanya watu na kuwapanga mstari. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuwa nayo. Alikuwa akisema kwamba askari aliyetupa silaha atafungwa, na atakayebisha atapigwa risasi. Siku ile hakuna aliyesoma namba za bunduki. Walihesabu mabega yenye bunduki.

Tulikuwa tumebakiza kama hatua thelathini. Kibwana aliutoa mkanda wa bunduki yake kichwani, akanivika.

“Wewe askari, watakufunga,” akasema. “Mimi mgambo, watanitukana tu.”

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Thelathini ni hatua nyingi.

Kibwana alipigwa makofi mawili, jina lake likaandikwa kwenye daftari. Siku tatu zilizofuata alibeba makasha mawili badala ya moja, juu ya ngata yake, na hakunitazama kwa ubaya hata mara moja. Mimi nilitembea nyuma yake na bunduki yake.

Vita vilipokwisha nilipewa medali, kisha nikapandishwa cheo. Niliporudi Bagamoyo shule zikawa zinanialika nikawaeleze watoto. Katika hadithi yangu kinamasi kilikuwepo, makombora yalikuwepo, lakini mimi nilitoka humo na bunduki yangu mkononi. Mara mbili au tatu Kibwana alikuwepo nikisimulia. Alicheka pembeni, kicheko cha mtu aliyeshika kamba na anajua mbuzi hatafika mbali. Kila mwaka baada ya mavuno aliniletea mchele mpya, akiniambia, “Haya, mtu wa mjini, wali wako.” Nami nilipokwenda kwake, wajukuu wake walikimbia mpaka barabarani: “Shikamoo Babu Koplo!” Tuliishi hivyo zaidi ya miaka arobaini.

Kisha zikaja kadi.

Sitadanganya kwamba zilinifurahisha hata kidogo. Mara ya kwanza nilipoitoa kwenye basi la Msata, kondakta aliigeuza juu chini.

“Hii kadi ya nini, mzee?”

“Ya wapiganaji.”

“Mlipigana na nani, Wajerumani?”

Abiria wakacheka. Mama mmoja akamkemea, “Mheshimu babu yako, wewe. Bila hawa ungekuwa wapi?” Hapo basi zima likaanza kubishana. Mmoja akasema tupandishwe bure kabisa. Mwingine, mwanamume wa makamo mwenye jembe jipya limefungwa gazeti, akasema kwa sauti ya upole tu, “Na sisi tunaolima, nani anatupa nusu? Au hao wanajeshi walikuwa wanakula risasi?” Niliichukua kadi kwa kondakta, nikaitia mfukoni. Mkulima mmoja niliyemjua alilima na kupigana pia, na mimi ndiye niliyemtoa kwenye orodha.

Miezi michache baadaye nilikwenda zahanati kwa ajili ya presha. Foleni ilikuwa imetoka mpaka uani. Kibwana alikuwa katikati yake, amesimama kwa fimbo, miguu imevimba mpaka amevaa kandambili zilizokatwa ukanda. Muuguzi aliiona kadi yangu akaita, “Babu mpiganaji, pita huku mbele!”

Njia ya kwenda mbele ilipita alipokuwa.

“Kibwana,” nikasema.

“Pita, Koplo. Benchi lako hilo.”

Nikapita. Ningeweza kumpa nafasi yangu, au kusimama naye kwenye foleni. Nilipita nikakaa. Nilipotoka na dawa zangu alikuwa amesogea kama hatua tano.

Wiki ile nilikwenda Makurunge. Nilimkuta kibarazani, binti yake Mwanahawa anamkanda miguu kwa maji ya chumvi. Mwanahawa aliniamkia, akaniletea kigoda, akatuacha.

“Umekuja kwa nusu nauli?” Kibwana akauliza.

“Nimelipa nzima.”

“Ah. Basi leo umekuja mwenyewe.”

Nikamwambia nitakwenda kwa Kasanda nimweleze ukweli wote, jina lake liingizwe. Akaniuliza lini. Nikasema baada ya Siku ya Mashujaa, kwa sababu nilikuwa nimeshapangiwa kuzungumza na wanafunzi, isingekuwa vizuri kuvuruga mambo.

Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia hakuwa anacheka tena.

“Kadi yenu siitaki. Basi nitapanda mara ngapi na miguu hii? Lakini wajukuu zangu wameisikia ile barua. Wanaambiwa shuleni babu yao alitupa bunduki. Mwanahawa naye ananiuliza. Mimi nimesema, mwulizeni Koplo.” Akaisugua miguu yake. “Bunduki ile nilikuazima, ndugu yangu. Sikukupa. Miaka yote nilidhani utairudisha mwenyewe.”

Nikamwahidi.

Mwezi wa saba nilisimama mbele ya wanafunzi na medali kifuani. Nilikuwa nimepanga kwamba labda nitasema palepale. Nilipofika kwenye kinamasi, mdomo wangu ulikwenda njia uliyoizoea. Watoto wakapiga makofi. Soda zikaletwa.

Kibwana alifariki siku sita baadaye.

Tulimzika alasiri, kwenye makaburi ya karibu na mashamba. Mmoja wa wale kumi na moja anapokufa, kikundi huenda na kofia zetu na hupiga saluti kaburini. Kwa Kibwana sikumwona mwenzangu yeyote. Baada ya dua niliomba ruhusa kwa imamu, nikasema. Nilisema nani alitupa bunduki, nani alimvuta nani, na kwa nini barua ilisema vile. Nilisema pia kuhusu ile asubuhi ya orodha.

Mwanahawa nilimkuta nyumbani kwa marehemu.

“Nimeletewa habari ya ulichosema,” akaniambia.

“Nisamehe, mwanangu.”

“Baba alikungoja wiki nzima. Kila basi likisimama ananiambia nitazame kama ni wewe.” Alifuta mikono kwenye kanga. “Tumesikia. Ahsante.” Akaingia ndani.

Kesho yake nilikwenda kwa Kasanda. Alikasirika, akasema nimewatia aibu wote, akaichukua kadi yangu kwa mikono yake. Hilo sikulipinga. Nikamwomba jina la Kibwana liandikwe mahali pangu. Akajibu kwamba kadi hazitolewi kwa marehemu, na barua ya jeshi haifutwi kwa maneno ya mtu aliyekwisha kusema uongo miaka arobaini. Nikachukua kofia yangu, nikaondoka.

Watu huniuliza bado kama waliopigana wanastahili kupunguziwa nauli na kupishwa kwenye foleni. Nasema wapisheni. Wengi wao wameona mambo ambayo nauli haiwezi kuyalipa. Lakini msituachie sisi wenyewe tuseme ni nani mwingine alikuwepo. Kila mmoja wetu ana kitu alichokiacha kule, na atamtoa mtu kwenye orodha ili kisionekane.

Nami nimelipa hivi. Kibwana yuko kaburini, na kwenye karatasi ya jeshi ni yeye aliyepoteza silaha, ilhali aliyeitupa ni mimi na ninaishi. Mavuno mawili yamepita, mchele wa chakula nanunua dukani. Na nikipita Makurunge, wale wajukuu waliokuwa wakikimbia mpaka barabarani kuniamkia wananiona tangu mbali, wanaacha kucheza, wanaingia ndani.