Ramani ya Mwezi ya Babu Yako

Bado naiona siku ile ya kumaliza msiba wa babu yako, kule Iguguno, nami nimebeba sinia la ugali wa uwele. Mwanangu, mimi si mzee. Mvi sina. Lakini uchungu haungoji mvi, na nikisubiri nizeeke ndipo nikuambie, nitakuwa nimenyamaza mara ya pili.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa mwalimu wa jiografia. Ujanani aliandika barua ng'ambo, akatumiwa ramani ya mwezi yenye sahihi ya mtu aliyekanyaga huko, pamoja na nembo ya kitambaa kama zile walizoshona kwenye nguo zao za safari. Wenzake walikusanya ng'ombe, yeye akakusanya mwezi. Alivitunza kwenye kilindo cha gome la mti chenye kifuniko, akakitundika jikoni juu ya moshi, pamoja na mbegu, mchwa wasikifikie. Mwezi ukionekana mchana alikishusha, tukakaa uani, kidole chake kwenye karatasi, changu angani.

"Hii ni yako," aliniambia, shangazi yangu akisikia. "Wewe ndiye unayeitazama."

Basi siku ile wazee wakagawa. Ng'ombe huku, shamba la alizeti kule. Katika ukoo wetu, chakula cha kumaliza msiba kikishaliwa, mgawo haufunguliwi tena. Mwenye neno aseme kabla ya tonge. Baba mdogo akakiinua kilindo, akasema kitakwenda kwa kijana wake.

Nikasema, sauti kama ya mbu, "Baba mdogo, hicho baba alisema..."

"Wewe si wa kuolewa wewe? Mwezi utauona kwa mumeo. Kwani huko hautoki?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu! Kisha nikatua sinia, nikawanawisha mikono mmoja mmoja. Mgawo ule niliufunga mwenyewe, kwa ugali niliousonga mwenyewe.

Haukupita muda, kijana wake akaipeleka kuuza. Mnunuzi wa Singida mjini hakuitaka ramani, aliitaka sahihi. Akaikata kwa wembe, akachukua na nembo. Baba mdogo akaniletea iliyobaki.

"Haya, mwezi wako huo, mzima. Wametoa mwandiko tu."

Nikaenda kulia kwa shangazi. Akanikaripia: "Unanililia mimi? Nilikaa pale nikingoja useme. Ungesimama, ningesimama nawe."

"Shangazi, nakuheshimu. Lakini mdomo wako wewe ulikuwa wapi?"

Akatazama mikono yake. "Ulikuwa unakula," akasema.

Hakuligusa tena jambo hilo mpaka tulipomzika.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi nilivumilia, wakala wao. Kwa hiyo, mwanangu, kilicho chako kiseme kabla ya tonge, hata sauti ikitetemeka, hata wakikuita huna adabu. Adabu ni kuamkia wakubwa. Kunyang'anywa huku unachekelea si adabu. Na ukiijua haki ya mwenzako, usingoje aanze yeye. Mimi Jumapili hii nawaita wote, na baba mdogo huyohuyo, nikukabidhi ramani hii mbele yao ningali hai. Ugali wasonge wenyewe.

Mungu akupe koo pana. Mwezi ukitoka mchana, itandaze karatasi uani, weka kidole chako penye tundu la sahihi iliyokatwa, ulitaje jina la babu yako mpaka majirani wasikie.