Mikono ya Mama

Mtoto wangu wa pili alikaa tumboni kama bwana mkubwa kitini, kichwa juu, makalio chini. Mimi sikujua. Kulikuwa na kitu kigumu chini ya mbavu za kulia, na jioni nikichambua pondu, majani ya muhogo, niliegemeza sahani pale pale, nikifurahi kupata meza ya bure. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaani ndiye aliyekipapasa, akaniambia kwamba meza yangu ni kichwa cha mtoto.

Alisema wengine hugeuka wenyewe. Asipogeuka, nikazalie hospitali kubwa, ambako wanaweza kunipasua. Niliitikia vizuri. Lakini kwetu, mtoto asiyetanguliza kichwa alikuwa na hadithi moja tu. Mdogo wake mama alizalia Banalia, mtoto akatoka miguu kwanza, akafa kichwa kikiwa bado ndani. Mama aliisimulia tangu nikiwa msichana, kila mara akiishia hapo, nami nikaibeba hofu hiyo pamoja na mimba.

Uchungu ulinishika wiki tatu kabla ya wakati, asubuhi ya mvua, barabara ikiwa matope matupu. Mama alinishika mkono tukafika kituoni kwa miguu. Mkunga, mwanamke mfupi asiye na haraka, alinipima.

"Hospitali iko mbali sasa," alisema. "Mutoto atatokea hapa hapa."

Nilijua nakufa. Nasema ukweli, saa ile sikumfikiria mtoto, nilijifikiria mimi. Nilisukuma alipotaka nisukume. Makalio yakatoka, kisha miguu, kisha mwili hadi kitovu. Halafu mkunga akaacha. Akaweka mikono mgongoni kama mtu aliye kwenye foleni, huku mwanangu akining'inia nusu nje.

Mama akainuka kwenye benchi. "Umuvute. Mutoto iko anakufa, umuvute."

"Apana, mama. Ukimuvuta, mikono yake itapanda juu na kichwa itakwama. Bon, ikala. Kalia mikono yako."

Mama alikaa, akaiingiza mikono chini ya mapaja. Mimi nikasukuma, kwa hofu zaidi kuliko kwa nguvu. Maishani sijaogopa kitu kama nilivyoiogopa ile mikono mitupu ya mkunga. Mabega yakashuka. Alipoona nywele za kisogo ndipo alipoishika miguu, akaiinua taratibu kuelekea tumboni kwangu, na uso ukatoka. Alikuwa msichana, wa bluu na kimya. Mkunga akamfuta, akamsugua mgongo, akamsugua tena, mpaka akalia.

Nililia naye. Nilipomwita mama aje amwone, hakusogea.

"Ule wa mudogo yangu," alisema, "ni mimi nilimuvuta."

Miaka yote ile hakuwahi kutaja ni nani aliyeishika miguu ya yule mtoto, wala mimi sikuwahi kuuliza. Mama bado alikuwa ameikalia mikono yake, na mkunga alilazimika kumwambia mara mbili aichomoe, ampokee mjukuu wake.