Siku Niliyomsifu Zaina Mbele ya Daktari

Chekeni tu, jamani, maana hata mke wangu bado anacheka, na mimi mwenyewe nikipita pale kwenye veranda ya zahanati nainamisha uso, fundi cherehani mzima niliyejifanya mkalimani wa sayansi.

Alikuja mjini kwetu Gisenyi daktari mama kutoka Ubelgiji, anachunguza jinsi akili za watoto wadogo zinavyokua: anampa mtoto vipande vya mbao avipange, anamwita aone kama atageuka, anamuuliza mama yake anasema maneno gani. Akatafuta mtu wa Kifaransa, na mimi (Kifaransa changu nilikiokota kwa Wazungu niliokuwa nawashonea suruali) nikaacha cherehani, nikavaa tai, nikaenda.

Sasa mnajua desturi ya mtaani kwetu. Mgeni akikuuliza habari za mtoto wako huwezi kumsifu, unamponda, jicho baya lisimwone. Mama Hadija, muuza samaki, ambaye Hadija wake anaongea kutwa bila kumeza mate, akaulizwa, akajibu bila kupepesa, "Huyu? Iko bubu huyu. Hajue hata jina yake." Aliyefuata akasema wake anatazama ukuta tangu asubuhi. Wa tatu akasema wake hata kumuangalia mutu usoni hawezi, ni wa kutupa tu.

Hapo ndipo ilinipasa kumweleza daktari kwamba wanawakinga watoto wao. Lakini niliogopa atatuona washamba, basi nikatafsiri vile vile, neno kwa neno. Daktari akasimama, macho yanang'aa, anaandika mpaka wino unamchafua vidole, ananiambia watoto wa namna hii hata kwao ni nadra, hali yao inaitwa autisme, yaani mtoto kujifungia ndani ya dunia yake, yeye mwenyewe amesoma tu habari zao, na hapa amewakuta mji mzima! Na mimi nikapata moto pamoja naye, nikawa naita "anayefuata" kwa sauti ya bwana mkubwa.

Kisha akaingia mke wangu na Zaina wetu wa miaka mitatu. Wenzetu waliweza kusema mtoto hasemi kwa sababu anasema. Wetu alikuwa hasemi kweli, ukimwita hageuki, na hata sisi wawili nyumbani hatukuwa tukilizungumza jambo hilo. Nikajibu kabla mke wangu hajafungua mdomo, "Huyu anaongea sana, madame, ana akili nyingi." Daktari akampungia mkono apite, hakumhitaji.

Basi Hadija, aliyechoka kunyamaza, akamvuta mama yake kitenge. "Mama, juu ya nini unasema mi niko bubu? Mi najua kusema. Na huyu Muzungu iko na pua murefu." Wenzake wakadakia, kila mmoja na lake, veranda ikawa soko.

Daktari akavua miwani, akanitazama. Nikamweleza habari ya jicho huku tai inanikaba. Akafikiri kidogo, kisha akamnyooshea Zaina kalamu, akaniuliza jambo.

"Anasema nini?" akauliza Mama Hadija. "Tafsiri basi."

Nikatafsiri, mbele ya mtaa mzima: "Anauliza, mbona mimi peke yangu nimemsifu wangu."

Mke wangu ndiye aliyejibu, polepole, "Juu huyu wetu ni kweli hasemi." Na hilo nalo, ndugu zangu, ikabidi nilitafsiri mimi.

Daktari hakukasirika. Aliyaweka kando makaratasi yote, akaketi sakafuni karibu na Zaina, wakapanga mbao pamoja mpaka zahanati ikafungwa. Dawa alisema hana. Lakini alisema wapo wengine kama Zaina, hakulogwa, wala si kosa la mama yake, na mke wangu akaniambia nirudie hilo la mwisho, nikalirudia, akataka tena, nikalirudia huku nalia na tai yangu shingoni, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Ukalimani nimeuacha, na nimeapa sitamsifu tena mwanangu kwa woga. Siku hizi mgeni akiniuliza habari zake, namwambia Zaina hasemi, kisha namvutia kiti aketi naye.